Kitu Kipigwacho Hutikisika, Kisha Hutulia



Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mtu amelisikia kwa sikio lake na kulihisi kwa mwili wake, walakini ni wachache wanaolifikiri. Jambo hilo ni mtikisiko wa kitu kilichopigwa mara moja, kisha kikaachwa. Kengele ya shule ikigongwa hulia, kisha sauti yake hupungua hata ikanyamaza. Ndege akiruka kutoka tawini, tawi hucheza juu na chini mara chache, kisha hutulia. Lori zito likipita karibu na nyumba, vikombe hutetemeka kabatini, na lori likiisha kwenda zake, vikombe navyo hunyamaa. Mtikisiko wa namna hii haukai. Ni kama mgeni apitaye njia. Lakini katika muda ule mfupi wa kupita kwake mambo makubwa huweza kutendeka: muziki hupendeza, gari huharibika, na nyumba huanguka juu ya watu. Kwa hiyo yafaa tuzijue tabia za mgeni huyu.

Tuanze na kitu kilicho chetu. Katika nchi ya Ugogo ilimba yajulikana sana. Ni sanduku la mti, na juu yake vimepangwa vipande vyembamba vya chuma, ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba na kuviachia. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa katika kijiji cha Doduma mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, aliipiga ilimba mbele ya watu wa Ulaya na wa nchi nyingine nyingi, nao wakastaajabu.

Kitazameni kipande kimoja cha chuma kile. Kidole kikikiinamisha, chuma hukataa, maana chuma kilichopindwa hutaka kurudi mahali pake. Kidole kikikiachia, hurudi kwa nguvu. Lakini kikifika mahali pake hakiwezi kusimama papo hapo, kwa kuwa kimo katika mwendo, basi hupita hata upande wa pili. Huko nako hakikubali kukaa, hurudi tena. Hivyo huenda na kurudi mara nyingi sana katika sekunde moja, na kwenda na kurudi huko ndiko tunakokusikia kuwa ni sauti.

Hapa pana mambo matatu ya kushika. La kwanza, kila kitu kina mwendo wake. Kipande kirefu huenda na kurudi polepole, na sauti yake ni nene. Kifupi huenda upesi, na sauti yake ni nyembamba. Fundi akitaka kuilinganisha ilimba yake hukisukuma kipande mbele au nyuma, ili sehemu inayocheza irefuke au ifupike. Mpigaji akikipiga kwa nguvu zaidi, sauti huwa kubwa, lakini haibadiliki kuwa nene wala nyembamba. Nguvu ni ya kidole, bali mwendo ni wa chuma chenyewe.

La pili, mtikisiko hufifia. Kila kipande kiendapo na kurudi, nguvu yake hupungua: sehemu huchukuliwa na hewa kuwa sauti, sehemu huingia katika mti wa sanduku, na sehemu hugeuka kuwa joto dogo sana ndani ya chuma. Nguvu haikupotea, imehama tu. Ukikigusa kipande kwa kidole kilaini, hunyamaza mara moja, kwa kuwa kidole kimeimeza nguvu ile.

La tatu ni la ajabu zaidi. Katika ilimba kubwa za Wagogo huwekwa vipande ambavyo mpigaji havigusi kamwe. Vimekaa tu, vikingoja. Mpigaji akikipiga kipande kingine chenye mwendo ulio sawa na wao, hivyo visivyoguswa huanza kuimba vyenyewe. Sababu ni hii: kila mpigo mdogo upitao katika mti huvisukuma kidogo sana, na mipigo hiyo huja kwa kipimo kilekile cha mwendo wao. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aliye katika pembea hujua jambo hili: akisukumwa kidogo kidogo kila arudipo, hupanda juu, akisukumwa ovyo, pembea hukwama.

Wanafunzi wasituamini kwa maneno tu, na wajaribu wenyewe. Lifungeni jiwe dogo kwa uzi, mlitundike ili kutoka kifundo cha juu hata katikati ya jiwe pawe meta 1. Lisukumeni kidogo, mkahesabu mara 10 za kwenda na kurudi. Mtaona kuwa muda wake ni kama sekunde 20. Kisha fupisheni uzi uwe sentimita 25, yaani robo yake. Sasa mara 10 zitakwisha kwa sekunde 10 hivi. Badilisheni jiwe, mtie zito zaidi, na muda hautabadilika ikiwa urefu ni uleule. Halafu lichovyeni jiwe katika ndoo ya maji na kulisukuma tena: litakwenda mara chache tu na kusimama, kwa sababu maji humeza nguvu yake upesi kuliko hewa.

Jaribio jingine ni hili. Fungeni kamba kutoka mguu wa dawati moja hata mguu wa dawati jingine, na juu yake mtundike mawe mawili kwa nyuzi zenye urefu sawa. Lisukumeni jiwe moja tu. Baada ya muda mtaona la pili linaanza kucheza, na la kwanza linapungua hata kukaribia kusimama. Kisha nguvu hurudi tena kule ilikotoka. Sasa fupisheni uzi mmoja, na mtaona kuwa jiwe la pili halishughuliki sana na la kwanza. Mwalimu awezaye kulionyesha jambo hili darasani amefundisha sehemu kubwa ya mazungumzo ya leo.

Kabla ya kufika kwenye vitu vikubwa, tushuke kwanza hata kwenye vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Wataalamu wamethibitisha kuwa kila kitu kimefanywa kwa vijipande vidogo mno viitwavyo atomu, na atomu hushikana kufanya molekuli. Kushikana huko si kama mawe yaliyounganishwa kwa saruji, bali ni kama mawe yaliyounganishwa kwa springi. Kwa hiyo molekuli nayo, ikipigwa, hutikisika kwa mwendo wake, kisha hutulia au huvunjika.

Je, ni nani aliyeuona mtikisiko huo, na hali ni wa upesi kupita kiasi? Mmoja aliyetangulia katika kazi hiyo ni mwana wa Afrika, Ahmed Zewail, Mmisri aliyezaliwa Damanhur mwaka 1946. Alifanya kazi yake Marekani, katika California Institute of Technology. Yeye na wenzake walitumia mimweko ya mwanga mifupi ajabu, ambayo muda wake hupimwa hivi: chukua sekunde moja, uigawe sehemu milioni; kisha chukua sehemu moja katika hizo, uigawe tena sehemu milioni elfu. Mmweko wa kwanza uliipiga molekuli, kama kidole kinavyopiga ilimba, na mmweko wa pili uliofuata nyuma yake ulitazama yaliyotokea.

Molekuli moja waliyoichunguza ni ya sodiamu na iodini. Sodiamu ni sehemu ya chumvi tunayokula, na iodini ndiyo huongezwa katika chumvi ili kuzuia ugonjwa wa rovu. Waliona atomu hizo mbili zikiachana na kurudiana, zikiachana na kurudiana, mara kadhaa, na katika kila mara baadhi ya molekuli zilishindwa kurudiana zikatengana kabisa. Kwa kazi hii Zewail alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999. Alifariki mwaka 2016. Kwa hiyo sheria ya ilimba yafika hata huko: kila kitu na mwendo wake, na kila mtikisiko na mwisho wake.

Wala msidhani kuwa mitikisiko ya molekuli haituhusu sisi wa nchi ya juu. Kila mwenyeji wa Dodoma ajua baridi ya usiku katika mwezi wa Juni na Julai, ingawa mchana jua lilikuwa kali. Jua likiisha kuchwa, ardhi hutoa joto lake kwenda juu kwa namna ya mwanga usioonekana. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo sehemu kubwa kabisa ya hewa, huuacha mwanga huo upite. Lakini molekuli za mvuke wa maji na za hewa ya ukaa zina mwendo unaolingana nao. Basi huukamata, hutikisika, kisha huigawa nguvu ile kwa molekuli za jirani kwa kugongana nazo, na hewa hupata joto. Usiku wa kiangazi mbingu zetu ni kavu, mvuke ni haba, wakamataji ni wachache, na joto hutuacha. Usiku wa mawingu hatuoni baridi kama ile.

Sasa tupande kutoka vitu visivyoonekana twende barabarani. Gari limewekwa juu ya springi ili mashimo yasiwaumize abiria. Lakini springi peke yake ni kama ilimba: ikipigwa na shimo moja, ingecheza kwa muda mrefu, na kabla haijatulia lingekuja shimo la pili. Kwa hiyo mafundi huweka shokapu, ambayo ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vyembamba. Mafuta humeza mtikisiko kama maji yalivyomeza mwendo wa jiwe letu. Fundi akitaka kuipima, huikandamiza pembe moja ya gari kwa mikono, kisha huiachia. Shokapu ikiwa nzima, gari hupanda na kutulia. Ikiwa imekufa, gari hucheza mara tatu au nne. Dereva asidharau jambo hili, maana gurudumu linalorukaruka haliishiki barabara, na breki haziwezi kulisaidia gurudumu lililo hewani.

Tena angalieni barabara zetu za vumbi wakati wa kiangazi. Kwa nini hufanya matuta madogo madogo yaliyopangwa sawasawa kama mabati? Hapana mtu aliyeyachimba. Gurudumu liendalo kasi hukuta kibonge kidogo, huruka, hutua na kuisukuma changarawe, kisha huruka tena. Gurudumu linalofuata hufuata alama zile, na kila gari huzidisha kidogo. Mtikisiko uliopaswa kupita na kwisha umeandikwa katika ardhi.

Na sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuyaseme yote haya, nalo ni nyumba zetu.

Nyumba nayo ina mwendo wake. Ukuta waonekana kuwa haujongei, lakini ukitikiswa kutoka chini hujongea, huenda na kurudi. Wajenzi hukadiria kuwa nyumba huhitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa ili kwenda na kurudi mara moja. Nyumba isiyo na ghorofa hutikisika upesi kama kipande kifupi cha ilimba. Jengo la ghorofa 10 huchukua kama sekunde nzima.

Nani atakayeipiga nyumba? Ni nchi yenyewe. Bonde la Ufa, litokalo kaskazini kupitia Kenya, hufikisha nyufa zake hata Kondoa na Dodoma. Katika nyufa hizo miamba husukumana miaka mingi pasipo kujongea, kisha siku moja huteleza ghafula, na mtikisiko hutoka kama kutoka kipande kilichoachiwa na kidole. Tarehe 13 Desemba, 1910, upande wa Rukwa palitokea tetemeko lenye ukubwa upatao 7.4. Tarehe 4 Novemba, 2002, tetemeko lenye ukubwa wa 5.5 lilitokea hapa katika nchi ya Dodoma. Na tarehe 10 Septemba, 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa, maelfu ya nyumba yaliharibika, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilibomoka vibaya.

Lile la Kagera halikuwa tetemeko kubwa kwa kipimo cha dunia. Kwa nini basi liliangamiza hivyo? Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali au mawe yaliyopangwa kwa udongo, pasipo kitu cha kuzifunga. Ukuta wa namna hiyo ni hodari wa kubeba mzigo utokao juu, lakini haujui kumeza mtikisiko utokao pembeni. Hauinami, hupasuka. Ufa wa kwanza huanza penye pembe, kuta mbili huachana, na paa hushuka juu ya waliomo.

Nyumba ya tembe ya wazee wetu ilikuwa na hekima fulani. Nguzo zake na fito zake zilifungwa kwa kamba, na mahali pa kufungwa paliweza kulegea na kusuguana, na msuguano humeza nguvu. Walakini juu yake palikuwa na paa la udongo, zito sana. Mchwa wakizila nguzo, paa lile huwa adui. Basi tusiseme kuwa kila cha kale kilikuwa salama, wala kuwa kila kipya ni bora. Tuulize tu nyumba hii itaumezaje mtikisiko.

Udongo nao tuutazame. Tarehe 19 Septemba, 1985, mji wa Mexico ulipigwa na tetemeko lililotoka zaidi ya kilometa 300 mbali nao. Sehemu ya mji ule imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale, na udongo huo ulicheza kwa mwendo wa kama sekunde 2. Nyumba fupi nyingi zilisimama, bali majengo ya ghorofa baina ya 6 na 15 yaliumia kuliko mengine, kwa kuwa mwendo wao ulikaribiana na wa udongo. Walikufa watu maelfu. Ilikuwa ni kama vile vipande vya ilimba visivyoguswa, ila safari hii havikuimba.

Jambo hili ni letu sana leo. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi, mji umekua, na majengo marefu yamepanda. Baadhi yake yako juu ya mwamba, na mengine yako juu ya udongo mzito wa bondeni. Mwenye kujenga ghorofa na amtafute mhandisi aupime udongo kwanza. Asiseme kuwa jirani alijenga bila kupima na nyumba ingali imesimama. Jirani hajapigwa bado.

Nasi tusio na ghorofa tufanye nini? Kwanza, juu ya kuta zote za nyumba upite mkanda mmoja wa zege wenye nondo ndani yake, uzunguke nyumba nzima pasipo kukatika, ili kuta zitembee pamoja kama watu walioshikana mikono. Pili, matofali ya pembeni yapishane na kuumana, wala madirisha na milango isiwekwe karibu mno na pembe. Tatu, paa liwe jepesi, tena lifungwe kwa waya au ukanda wa chuma uliozama ukutani. Nne, mchwa wazuiwe wasifike kwenye nguzo na kenchi. Mambo haya huongeza gharama, hatukatai. Lakini mkanda wa zege ni rahisi kuliko kujenga nyumba mara ya pili, na hapana mkanda uwezao kumrudisha mtoto aliyefukiwa.

Nchi ikitikisika mkiwa ndani, msikimbilie mlangoni huku matofali yakianguka. Jikunyateni chini ya meza au dawati imara, mkikinge kichwa kwa mikono, mkalishike sana. Mkiwa nje, ondokeni karibu na kuta. Kumbukeni kuwa mtikisiko ni mpita njia. Aghalabu hudumu kwa sekunde chache tu. Ukiisha, tokeni kwa utaratibu wala msirudi upesi, maana matetemeko madogo hufuata lile kubwa, na ukuta uliopasuka hauhitaji kusukumwa sana. Walimu wawazoeze watoto jambo hili mara moja katika kila muhula, ili mwili ujue la kufanya kabla akili haijapata nafasi ya kuogopa.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi kabla ya mvua za mwaka huu, kila mwenye nyumba aizunguke nyumba yake, atazame pembe nne na mahali paa linapokaa juu ya ukuta. Akiona ufa, auzibe. Akiona paa limelegea, alifunge. Akiona nguzo imeliwa, aibadili. Mwenye shule afanye vivyo hivyo kwa kila darasa, akianza na lile la watoto wadogo.

Kwaherini, hata tutakaposikilizana tena.